Kufukuza Kifo Kwenye Ukungu

Molo, 17 Juni 1962

Kwa shemeji Mochama,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Natumaini wewe, dada yangu Filister na watoto mnaendelea vizuri, na cherehani bado inazunguka pale barazani Homa Bay. Mimi ni mzima ukinitazama kwa nje. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kijaluo chako kinachekesha na Kikisii changu hakipo.

Shemeji, kuna jambo baya. Jumatano nilimpiga Jared. Huyu ni kijana wa Osiri ninayekaa naye chumba kimoja katika nyumba za mabati za wafanyakazi. Hakunikosea. Alikuwa anakoroga uji huku akipiga mluzi. Nilichukua kuni nikampiga nayo mdomoni, na meno mawili ya mbele, ya chini, yakaanguka ndani ya sufuria. Nilikuwa nimeiinua tena ile kuni, safari hii kwa kichwa chake, watu wakanishika. Si damu iliyonitisha. Kilichonitisha ni kwamba sikuwa na hasira. Mkono ulikwenda kama mkono wa mtu mwingine, mimi nikautazama tu.

Huku jua hatujaliona tangu Mei. Ukungu unatoka msituni unalala juu ya mashamba ya pareto kutwa nzima. Tunachuma maua yakiwa yamelowa, vidole vinakufa ganzi, na asubuhi nyingine maji ya ndoo yanakuwa na ganda la barafu. Mimi mtu wa Karungu nimezaliwa mahali ambapo jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka ziwani. Huku naamka mzito kama nguo iliyorowa. Nalala na usingizi hauishi. Nyama haina ladha. Nikisikia mtu anacheka natamani kumkaba. Nyapara wetu Ombati, ambaye ni wa kwenu, ana tabia ya kumsukuma mtu mgongoni kwa fimbo, na kila akinisukuma naitazama shingo yake, pale panga litakapoingia.

Naogopa nitaua mtu kabla baridi hii haijaisha. Wewe umezaliwa milimani. Ninyi Wakisii mnafanya nini na baridi mpaka hamuuani? Usimwambie Baba. Filister pia usimwambie.

Ni mimi shemeji yako,
Cephas


Homa Bay, 29 Juni 1962

Shemeji Cephas,

Amani ya Bwana iwe nawe, na baridi ikupungukie. Sisi tu wazima, ila mtoto mdogo ana kikohozi. Kwanza, ni nani aliyekudanganya kwamba Wakisii hatuuani? Pili, Filister alisoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo usinilaumu. Alilia, kisha akasema ungekuwa karibu angekupiga na mwiko.

Nitakuambia ninayoyajua. Bibi yangu Nyasuguta alikuwa anatoka nje kila alfajiri, hata mvua ikinyesha, anasimama akitazama upande jua linakotokea na kuliongelesha. Sisi Wasabato tulimcheka na kumwita mpagani. Lakini katika miezi ile ya ukungu wanawake wengine walikuwa wanajifungia ndani siku nzima, hawapiki, hawaongei, na mmoja alijitundika kwenye paa la nyumba ya mumewe. Bibi hakujifungia hata siku moja. Alisema jua halihitaji kuonekana, linahitaji wewe utoke. Basi toka, shemeji. Usingoje Ombati akutoe kwa fimbo. Panda mlima wowote ulio hapo, panda mpaka jasho likutoke. Acha chang'aa kabisa, maana inakupa moto wa saa moja na kukutoza kesho yake mara mbili. Na usikae peke yako. Mtu uliyemvunja meno ndiye wa kukaa naye, maana wengine wote watakuogopa.

Filister amekutumia omena kavu, wale dagaa wa ziwani, na unga wa wimbi. Uji wa wimbi unywe asubuhi ukiwa moto, omena uitafune kama ilivyo. Anasema mnakula sukuma na viazi tu kama sungura na ndiyo maana mmechanganyikiwa.

Huku ziwa linapanda kila siku. Gati limezama nusu, na Karungu maji yameingia katika mtama wa Baba. Viboko nao wanayafuata maji, wanakula mtama mbele ya macho yake. Anawatukana kwa majina ya wazazi wao.

Wako shemeji,
Mochama


Molo, 22 Julai 1962

Shemeji mpenzi,

Natumaini kikohozi cha mtoto kimekwisha na nyumba ni kavu. Omena ilifika ikinuka mpaka karani wa shamba akauliza ni nani amekufa. Tuliila wote.

Nilitoka kama ulivyosema. Siku za kwanza niliona ujinga, mtu mzima kusimama gizani akitazama ukungu. Halafu Jumapili moja nilipanda kilima kilicho nyuma ya mabanda ya kukaushia pareto, nikapita msitu wa mianzi, nikaendelea tu kwa sababu nilikuwa namkasirikia huyo bibi yako Nyasuguta. Shemeji, juu kule ukungu unaisha. Unatoa kichwa kama mtu anayeibuka kutoka majini, na jua liko pale, lilikuwepo siku zote. Kuna mwamba. Nililala juu yake kama mjusi mpaka mgongo ukaungua. Niliporudi chini nilikula, nikasikia chumvi.

Sasa tunakwenda kila Jumapili, mimi na Jared. Alinisamehe kwa namna yake. Anasema nimemfanya Mjaluo kamili. Baba yake ni mzee wa zamani, alitaka ang'olewe meno sita ya chini kama ndugu zake wakubwa, na Jared akakimbilia misheni. Tangu siku hiyo mzee hajasema naye. Anaweka chakula mbele yake kama anavyomwekea mgeni. Jared husema, "Umeanza kazi ya Baba bila kulipwa. Bado manne." Mluzi wake sasa unatoka na sauti mbili, ya juu na ya chini, na anaringa nao.

Sisemi nimepona. Wiki iliyopita Ombati alimchapa mama mmoja kwa kumwaga kikapu, na panga langu lilikuwa limekwisha inuka mpaka begani. Jared alipiga mluzi wake nyuma yangu. Nikageuka, nikacheka, nikalishusha. Lakini liliinuka, shemeji. Nakuambia ukweli.

Msalimie Baba. Mwambie awaachie viboko mtama, watu wa Karungu hawajawahi kufa njaa wakiwa na samaki.

Ni mimi,
Cephas, shemeji yako


Homa Bay, 2 Agosti 1962

Shemeji Cephas,

Leo salamu zangu ni fupi. Kaa chini kwanza. Mwite Jared akae karibu nawe.

Baba ameuawa na kiboko. Ilikuwa Ijumaa iliyopita asubuhi. Alikwenda kwenye mtama na debe la kupiga kelele, maji yakimfika magotini, na hakuliona jike lililokuwa na ndama. Lilimkata kiunoni. Waliokuwa ufuoni walisikia debe likilia, halafu halikulia tena. Nilipofika na Filister walikuwa wamemkusanya katika mkeka, na sitakuficha, mkeka ulikuwa mfupi kuliko alivyokuwa. Hatukuweza kukungoja. Alizikwa Jumapili.

Wazee walifanya ile desturi yenu ya tero buru, kupeleka majivu ili kukifukuza kifo. Nilikuwa nimeisikia tu. Walipaka uso majivu, wakachukua ng'ombe na mikuki na ngao, wakakimbia mpaka ziwani wakipiga kelele kama vita, wakafika mpakani mwa maji na kuanza kulichoma ziwa kwa mikuki. Mtu mmoja alinitia mkuki mkononi. Nikakimbia, mimi Msabato na shemasi wa kanisa. Nililichoma ziwa mpaka mabega yakauma, na nilikuwa nalia na kutukana kwa Kikisii. Tuliporudi, watu ambao hawakuonja kitu siku mbili walikaa wakala. Mimi pia. Filister anasema uso wangu ulikuwa kama wa mtu aliyetapika sumu.

Mama anasema sehemu yako ya mtoto wa kwanza haikufanywa, na kwamba kifo bado kiko mlangoni kinakungoja wewe. Omba ruhusa uje. Wakikataa, usikae na jambo hili ndani ya ukungu, nakujua. Panda kwenye mwamba wako. Kimbia, piga kelele, kifukuze kutoka huko huko. Mungu ataelewa.

Mwenye huzuni pamoja nawe,
Shemeji Mochama


Homa Bay, 26 Agosti 1962

Shemeji,

Salamu kutoka kwa sisi sote. Ulipata barua yangu? Mama anauliza kila siku ya soko. Kuna dereva wa lori aliyesema kulikuwa na fujo mashamba ya huko kwenu, wakamfukuza barabarani. Nimemwambia Filister si kwenu. Andika, hata neno moja. Hata ukiniandikia tusi nitafurahi.

Shemeji Mochama


Gerezani, 30 Septemba 1962

Kwa shemeji Mochama,

Nakusalimu, na Mama, na dada yangu. Mimi ni mzima. Safari hii ni kweli, hata kwa ndani, na hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika.

Barua yako nilisomewa na Jared, kwa sababu nilipofika neno kiboko macho yaliacha kuona. Nilikwenda kwa Ombati kuomba ruhusa. Akasema, "Mtu aliyekwisha zikwa hana haraka." Nilitazama shingo yake, shemeji. Halafu nikaondoka, nikawaita Wajaluo wote wa nyumba za mabati. Jumapili asubuhi tulijipaka majivu ya jikoni. Ngao hazikuwepo, tukachukua vifuniko vya madebe. Mikuki haikuwepo, tukachukua mapanga na fito tulizozichonga. Ng'ombe nao hawakuwepo, tukafungua maksai wa kulimia wa mwenye shamba. Tukapanda.

Jared alikuwa mbele akipiga mluzi wake wa sauti mbili, na hivyo ndivyo tulivyojua njia kwenye ukungu. Tulitokeza juani tukiwa tunanguruma. Niliupiga ule mwamba kwa panga mpaka cheche zikaruka. Nilimwita yule kiboko, nikaita baridi, nikaita kifo kwa jina la mama yake kama Baba alivyokuwa akitukana. Nilikuwa mwepesi. Mwili wote ulikuwa wangu tena, mpaka kucha. Nilisikia njaa.

Desturi haiishii kileleni. Ni lazima kifo kipelekwe mpakani na kusukumwa upande wa pili, wewe mwenyewe uliona. Mpaka wa huku ni ua wa jirani, mzungu mzee anayekaa na mkewe. Mimi sikufikiri. Nilikuwa natafuta mpaka, nikaona mpaka. Tulishuka tena ndani ya ukungu tukikimbia na maksai, mapanga yakipiga madebe, na kuanza kuukatakata ule ua. Baadaye mahakamani nilisikia kwamba miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya msituni, ndugu wa huyo mzee alikatwa kwa mapanga kwenye veranda, na waliokuja usiku ule walikuwa wakiitana kwa mluzi.

Mzee hakuona mtu. Alilenga mahali mluzi ulipotoka.

Risasi iliingia chini ya kidevu. Nilimshika Jared akiwa bado amesimama. Alijaribu kusema, na hewa ikatoka shingoni, ikalia. Watu walitupa mapanga wakakimbia. Mimi nilivuka ua. Yule mzee alikuwa anajaza bunduki na risasi zinamdondoka. Nilifika karibu naye kama watu wawili wanaokula sahani moja. Nilikuwa na damu ya Jared mpaka viwiko na panga mkononi, na shingo yake ilikuwa nyembamba, yenye mishipa, kama shingo ya Baba. Shemeji, ule mkono niliouogopa tangu Juni ulikuwa wangu. Niliuamuru, ukanisikia. Niliweka panga chini. Akanipiga kwa kitako cha bunduki, taya likavunjika, nikalazwa hospitali, na ndiyo sababu barua hii imechelewa.

Hakimu alinipa miezi minne kwa kuwakusanya watu wenye silaha. Mzee akaambiwa aende nyumbani. Ombati alitoa lori la shamba kuupeleka mwili Osiri, na wanasema alilia njiani.

Hapa tunavunja mawe. Uwanja hauna mti na jua linawaka kutwa. Nakula, nalala, naamka. Yale yote tuliyoyatafuta wakati ule yako hapa, na nimeyapata peke yangu.

Nenda Osiri kwa ajili yangu. Waambie wazazi wake pole. Waambie ni nani aliyemwita kilimani.

Cephas


Homa Bay, 28 Oktoba 1962

Shemeji,

Namshukuru Mungu uko hai. Taya lipone. Usiseme umeyafanya haya peke yako. Ni mimi niliyekuandikia kifukuze kutoka huko huko. Hilo tutaligawana.

Nilikwenda Osiri. Nilishuka njia panda nikatembea mpaka kwenye mashimo yanakochimbwa dhahabu, na boma la Mzee Ondigo, baba yake Jared, liko juu yake. Nilipotaja jina lako kama shemeji yangu, ndugu wawili wa Jared walinishika shati. Mmoja alinipiga mbavuni nikaanguka, mwingine akachukua nyundo ya kuvunjia mawe. Nilijua nimekufa. Mzee akatoka nyumbani akasema, "Mwacheni. Huyu ametumwa. Anayepiga mjumbe ataletewa habari na nani?" Nikaingizwa ndani nikipumua kwa shida.

Nilimweleza yote ya siku ile kama ulivyoniandikia. Kuhusu wewe kumwita kilimani alisema tu, "Ulitaka mwanangu asimsindikize rafiki aliyefiwa? Hapo ndipo ningeona haya." Halafu, shemeji, akatabasamu, na nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuosha mwili. Alifungua kinywa cha mwanawe, kinywa alichokuwa hajasema nacho miaka saba, akakuta meno mawili ya chini hayapo na ufizi umepona vizuri. Akafunga kinywa, akawaita wazee wote waje waone. "Alikubali," akaniambia. "Huko mbali, bila mtu kumlazimisha, alikubali kuwa mwanangu. Walianza. Kifo hakikuwaacha wamalize."

Mama yake, Rispa, alikuwa mlangoni, akaniangalia, kisha akageuka akatoka nje. Nadhani mama hadanganyiki.

Mzee aliniuliza ni nani aliyeyang'oa. Kwa desturi yao mwenye kazi hiyo hupewa zawadi, naye amefunga mbuzi mweupe nyuma ya nyumba. Nilisema sijui. Nilisema uongo, Cephas, na ningesema tena. Mzee yule anakula kwa sababu ya yale meno mawili. Anatoka nje asubuhi kwa sababu hiyo hiyo. Liache jambo hili hapo lilipo. Ukitoka, njoo moja kwa moja Homa Bay.

Shemeji yako,
Mochama


Gerezani, 18 Novemba 1962

Shemeji Mochama,

Salamu, na pole kwa mbavu. Mwambie Filister akukande kwa maji ya moto na chumvi. Mimi nimeungua na jua, ngozi ya shingo inabanduka, na sina uzito wowote moyoni isipokuwa huu mmoja.

Nimeisoma barua yako juani siku nyingi. Uongo wako ni mzuri, ningekuwa wewe ningesema vile vile. Lakini mbuzi yule akichinjwa nitapewa mguu, na mzee atakaa mbele yangu aule pamoja nami, mkono wake na wangu katika bakuli moja. Wewe umeoa kwetu, unajua anayekula hivyo na mtu aliyemwaga damu ya mwanawe na kumficha huwaletea watoto wake laana. Na hata kama hilo ni la wazee tu, Jared alicheka juu ya yale meno kwa sababu alijua yalivyotoka. Siwezi kumwacha kaburini na habari ya uongo kinywani.

Nafunguliwa Januari. Sitapitia Homa Bay. Nitashuka njia panda niende Osiri, nikae nje ya boma, nimwambie Mzee Ondigo habari ya kuni na sufuria kabla sijanywa hata maji. Nitamwambia pia mluzi wa Jared ulivyoushusha mkono wangu, maana hilo hajalisikia na hakuna mwingine anayelijua. Vijana wake wakija na nyundo, mikono yangu itakaa magotini. Sasa naweza kuiamuru.

Mwambie Mama anitengee mkuki wa Baba kwa ile sehemu yangu ya mtoto wa kwanza. Filister naye mwambie asiweke ugali motoni kwa sababu amesikia nimefunguliwa. Angoje mpaka anione mlangoni.

Ni mimi shemeji yako,
Cephas